Cyprien Rugamba: maneno yaliyobaki midomoni mwa watu

Vijana wenzangu, pamoja na ninyi wa mashirika mnaotusoma: kuna wimbo unaitwa "Inda nini". Maana yake tumbo kubwa, yaani ulafi. Pengine umeshausikia hata kama ulivuka kutoka Kongo juzi tu. Aliyeutunga ni Cyprien Rugamba. Wengi wetu tunajua nyimbo zake, ila yeye mwenyewe hatumjui.

Alizaliwa mwaka 1935 upande wa Gikongoro. Alisomea upadri, akaacha, akasoma historia mpaka Ubelgiji. Baadaye akaongoza taasisi ya taifa ya utafiti kule Butare. Kazi ya ofisi na makaratasi, tuseme. Lakini kilichomvuta hasa ni ibisigo, yale mashairi marefu ya ikulu ya wafalme, na mwaka 1987 alitoa kitabu kizima juu ya mashairi hayo na historia. Zamani mashairi hayo hayakuandikwa popote. Washairi waliyatunga kichwani, wakayakariri, wakawaachia watoto wao. Maktaba ilikuwa ni watu.

Sasa, angeweza kuishia hapo, awe mtaalamu anayesomwa na wataalamu wenzake. Yeye akaanzisha kundi, Amasimbi n'Amakombe, akawaandikia maneno, akatunga sauti, akapanga na hatua za wachezaji. Jukwaani kulikuwa na nyimbo, ngoma, intore na dansi ya wanawake, vyote vikibeba maneno ya mtu mmoja. Ulaya kazi kama hiyo hugawanywa: huyu maneno, yule muziki, mwingine dansi. Rugamba alishika zote tatu.

Na si rahisi. Kinyarwanda kina toni, kina irabu fupi na ndefu. Ukivuta sauti mahali pasipotakiwa, neno linageuka kuwa neno lingine kabisa. Chukua "gusura", kutembelea. Sisi tuliojifunza Kinyarwanda ukubwani tunajua tulivyochekwa! Basi mtunzi hawezi kuchukua sauti tamu tu na kuipachika maneno. Sauti lazima ifuate lugha. Ndiyo maana nyimbo zake zinaingia kichwani haraka: unaziimba karibu vile unavyozisema.

Tena hakuhubiri kwa kidole. Katika "Inda nini" ulafi unachekwa mbele ya wote, na kila mtu anabaki kujipima mwenyewe. Hapo nina neno kidogo kwa wa mashirika, kwa heshima. Mkituomba wimbo wa kunawa mikono, tunautunga, sabuni tunapokea na asante tunasema. Lakini mkiondoka hakuna anayeuimba. Tupeni nafasi tutunge na kuhusu yale tunayoyaogopa na yale tunayoyacheka.

Kuanzia miaka ya 1980 aliirudia imani yake, akatunga pia nyimbo za kanisa ambazo kwaya za Rwanda zinaimba hadi leo. Pamoja na mke wake, Daphrose, wakawafungulia mlango watoto wa mitaani Kigali. Pia alipinga kabila kuandikwa kwenye kitambulisho. Wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Kadi ile ndiyo ilikuja kuamua kwenye vizuizi nani apite na nani auawe.

Tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, askari waliwaua Rugamba, Daphrose na watoto wao sita, nyumbani kwao Kigali.

Wauaji walimaliza nyumba, lakini nyimbo hazikuwa zimewekwa mle ndani. Zilikuwa kwa wachezaji, kwa wanakwaya, kwa watu waliozisikia redioni, na wengine wao walivuka mipaka bila hata begi. Amejifunza kwa ibisigo, nadhani: ukitaka maneno yadumu, yatie watu mdomoni na miguuni.

Mwanawe Dorcy, aliyekulia kwenye mazoezi ya kundi la baba yake, alinusurika. Alitoka nchini, akafika Ubelgiji, akasomea tamthilia Liège. Alishiriki kuandika na kucheza "Rwanda 94", tamthilia ya karibu saa sita iliyotoka mwaka 2000, yenye nyimbo za Kinyarwanda za Jean-Marie Muyango ndani yake. Wazungu walikaa saa zote hizo wakisikiliza lugha wasiyoielewa ikiimbwa kwa ajili ya wafu.

Mwaka 2024, miaka 30 baada ya siku ile, Dorcy alitoa kitabu, "Hewa Rwanda". Ni barua kwa wale wa nyumbani waliouawa, naye huisoma jukwaani kwa sauti, na muziki pembeni.