Samani za Kuunganisha: Tangu Kiti cha Vienna Hata Mwanga wa Leza

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kazi ya useremala, na hasa ya vyombo vya nyumbani ambavyo husafirishwa vipande vipande, vikiwa bapa, kisha huunganishwa nyumbani kwa mnunuzi. Tutaona jinsi vyombo hivyo vilivyoanza, na jinsi siku hizi vinavyochorwa kwa kompyuta na kukatwa kwa mwanga. Tena tutajiuliza swali moja: kazi hii inapobadilika, seremala anapoteza nini, na anapata nini?

Na tuanze na kitu mnachokijua. Kitanda cha kamba kina matendegu 4, mifumbati 2 na vitakizo 2. Ukiifungua kamba, waweza kuvichomoa vipande vyote 8, ukavifunga mzigo mmoja na kuupitisha katika mlango mwembamba. Basi kuunganisha na kuchomoa si jambo geni kwetu.

Lakini mtazame fundi anapokichonga kitanda hicho. Huchonga ulimi, akaujaribu katika tundu la tendegu. Ukikaza mno, hupunguza kidogo kwa patasi, akajaribu tena. Ulimi ukikubali, umekubali tundu lile moja tu. Ukiutia katika tendegu la kitanda kingine, huenda ukalegea, au usiingie kabisa. Kipimo cha fundi huyo kimo mkononi mwake na machoni pake, wala hakimo katika karatasi. Likumbukeni neno hili, maana historia yote ya leo ni safari ya kipimo hicho: kilivyotoka mkononi, na mahali kilipokwenda.

Safari hiyo twaweza kuiona vizuri Ulaya, katika maisha ya seremala mmoja jina lake Michael Thonet. Alizaliwa mwaka 1796 katika mji wa Boppard, kando ya mto Rhine, nchi ya Ujerumani. Mwaka 1842 alihamia Vienna, mji mkuu wa Austria. Sisi husema, samaki mkunje angali mbichi. Bwana Thonet aliufanya ubao mkavu urudie ubichi: aliutia katika mvuke wa moto mpaka ukalainika, akaupinda katika kalibu ya chuma, akauacha ukauke humo. Ulipotoka, ulibaki umepindika vile vile. Mwaka 1856 serikali ilimpa hati ya kumlinda, ili mtu mwingine asiitumie njia yake. Akajenga kiwanda mahali paitwapo Koritschan, ambapo leo ni katika nchi ya Ucheki, kwa kuwa huko misitu ilikuwa karibu na watu wa kufanya kazi walikuwako.

Mwaka 1859 kampuni yake ilitoa kiti kilichojulikana kwa nambari 14. Kilikuwa na vipande 6 vya mbao, skurubu 10 na nati 2, basi. Viti 36 vilivyochomolewa viliweza kuingia katika sanduku moja la meta 1 kila upande. Je, viti vizima vingapi vingeingia katika sanduku hilo? Vichache tu, maana kiti kizima hujaza nafasi kwa hewa iliyo kati ya miguu yake. Mwenye kusafirisha kiti kizima huilipia ile hewa nauli. Mwenye kusafirisha vipande hulipia mbao. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya samani hizi, tangu siku zile hata leo. Kufikia mwaka 1930 viti vya namna hiyo vilivyouzwa vilikuwa kadiri ya milioni 50.

Lakini angalieni shida iliyokuwapo. Sanduku linapofunguliwa katika mji wa mbali, hakuna fundi wa kupunguza kwa patasi. Kwa hiyo mguu wo wote uliotoka kiwandani ulipaswa kukubali kiti cho chote. Hapo ndipo kipimo kilipotoka mkononi mwa seremala, kikaingia katika kalibu za chuma. Na kalibu zilikuwa mali ya nani? Zilikuwa mali ya mwenye kiwanda. Mfanyakazi mmoja alipinda, wa pili alisugua, wa tatu alipaka rangi. Kila mmoja alijua kazi ya kipande chake, lakini hakuhitaji kujua kutengeneza kiti kizima. Ile hati ya ulinzi ilipokoma mwaka 1869, matajiri wengine walijenga viwanda vya kuiga. Lakini kibarua wa kiwandani hakuwa na kalibu, na kwa hiyo hakuweza kuanza kazi yake mwenyewe.

Sasa tusogee karibu miaka mia moja mbele, mpaka nchi ya Uswidi. Mwaka 1943 kijana mmoja wa miaka 17, Ingvar Kamprad, alianzisha biashara aliyoiita IKEA. Mwaka 1956 mfanyakazi wake, Gillis Lundgren, alitaka kuitia meza katika motokaa, nayo haikuingia. Akaing'oa miguu. Kutokana na jambo hilo dogo, kampuni ilianza kuuza meza ambazo miguu yake haikufungwa. Kazi ya mwisho ya seremala, yaani kuunganisha, ilihamia kwa mnunuzi. Yeye hupewa skurubu na karatasi ya picha, akaketi sakafuni kwake na kuunganisha mwenyewe, bila ujira.

Katika miaka hiyo hiyo, huko Marekani, mambo mengine mawili yalikuwa yakitengenezwa mbali mbali, nayo baadaye yalikuja kukutana katika karakana ya seremala. La kwanza ni kuchora kwa kompyuta. Mwaka 1952 chuo cha MIT, katika jimbo la Massachusetts, kilionyesha mashine ya kukata chuma iliyoongozwa na tarakimu. Tarakimu hizo zilikuwa matundu yaliyotobolewa katika utepe. Mwaka 1963, katika chuo hicho hicho, Ivan Sutherland alitoa programu aliyoiita Sketchpad. Programu, maana yake, ni maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Alishika kalamu ya mwanga, akachora juu ya kioo cha kompyuta. Aliweza kuiambia mashine: mistari hii miwili iwe sawa kwa urefu, nayo ikaifanya iwe sawa. Tena aliweza kuchora kitu kimoja, akatoa nakala nyingi. Alipoubadilisha mchoro wa kwanza, nakala zote zilibadilika pamoja.

Jambo la pili ni mwanga wa leza. Mwanga wa taa hutawanyika kila upande. Mwanga wa leza huenda njia moja, na lenzi huweza kuukusanya hata ukawa nukta ndogo sana. Mmewaona watoto wanaokusanya jua kwa kioo cha kukuzia mpaka jani kavu likawaka? Leza huunguza kwa namna hiyo, ila kwa nguvu kubwa zaidi. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California tarehe 16 Mei, 1960. Mwaka 1964 Kumar Patel, mtu aliyezaliwa India na kufanya kazi Marekani, alitengeneza leza itumiayo hewa ya kaboni dayoksaidi, ile ile tunayoitoa tunapopumua. Leza ya namna hiyo ndiyo hutumika sana kukatia mbao nyembamba. Na mwaka 1967, huko Uingereza, leza ikisaidiwa na mkondo wa oksijeni ilikata bamba la chuma la unene wa milimita 1.

Basi, mambo hayo mawili yakikutana, kazi huendaje? Tuseme darasa lenu lataka rafu ndogo ya vitabu, ya plaiwudi. Rafu ina mbao 2 za ubavuni na mbao 3 za kuwekea vitabu. Kila ubao wa kuwekea vitabu una ndimi 2 kila mwisho. Fanyeni hesabu: 3 mara 2 mara 2 ni ndimi 12, na kwa hiyo matundu 12.

Mchoraji hukaa mbele ya kompyuta, akaijenga rafu hiyo yote katika kioo kabla ya kukata hata ubao mmoja. Huweza kuigeuza na kuitazama kutoka juu, chini na nyuma. Hapo huandika neno "unene", na mbele yake tarakimu 6, yaani milimita 6. Kisha huiagiza kompyuta kwamba upana wa kila tundu uwe sawa na "unene". Ubao ukifika kutoka dukani, huupima. Huenda dukani waliuita wa milimita 6, nao ni wa 5.7. Yeye hubadilisha tarakimu moja tu, na matundu yote 12 hujirekebisha. Halafu kompyuta huvilaza vipande vyote bapa juu ya mchoro wa ubao mmoja, nayo mashine ya leza huvikata kwa kuufuata mchoro.

Je, kazi imekwisha? La, bado. Msumeno hula unga wa mbao, na mwanga nao hula. Tuseme mwanga umekula njia ya upana wa milimita 0.2. Nusu yake, yaani 0.1, huliwa kila upande wa mstari. Mmechora ulimi wa upana wa milimita 30, umeliwa 0.1 huku na 0.1 huku, umebaki 29.8. Mmechora tundu la urefu wa milimita 30, limeongezeka 0.1 huku na 0.1 huku, limekuwa 30.2. Toeni 29.8 katika 30.2: imebaki 0.4. Ni kidogo kama unene wa karatasi chache, lakini rafu itacheza, na vitabu vitaanguka.

Dawa yake ni hesabu. Choreni ulimi wa 30.2 na tundu la 29.8, na vyote viwili vitatoka 30. Lakini kiasi kinacholiwa si kimoja siku zote. Hubadilika kwa aina ya ubao, kwa nguvu ya mwanga na kwa mwendo wa mashine. Kwa hiyo fundi mwenye busara hukata kwanza kipande kidogo cha majaribio, akakipima, akatia ulimi katika tundu, akasikiliza kwa mkono wake kama umekaza sawasawa. Wala haiachi mashine peke yake ikiwaka, maana ubao ni kuni.

Sasa turudie swali letu. Seremala anapoteza nini? Anapoteza ujira wa kuchonga na kujaribu, maana mashine hukata ndimi 12 kwa muda mfupi sana. Pia rafu zilizofungashwa bapa huletwa kwa meli kutoka mbali, zikauzwa karibu na kibanda chake. Hilo si jambo dogo kwa mtu mwenye watoto wa kulisha, wala haifai kulificha.

Naye anapata nini? Kalibu ya chuma ya Bwana Thonet ilikuwa nzito na ya gharama, nayo ilikaa kiwandani. Mchoro wa kompyuta hauna uzito. Huweza kupelekwa mji mwingine kwa dakika moja, na karakana ndogo ikaukata. Karakana za namna hiyo, zilizo wazi kwa watu kuja kujifunza na kutengeneza, zilianza kuenea duniani kutoka MIT katika miaka ya 2000. Moja iliwekwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenya, na mwaka 2016 ilifunguliwa nyingine Kigali, Rwanda. Kwa hiyo kipimo kilichotoka mkononi mwa fundi na kukaa kwa tajiri chaweza kumrudia fundi.

Lakini chamrudia fundi yupi? Chamrudia yule awezaye kusoma tarakimu baada ya nukta, kuijua tofauti ya 5.7 na 6, na kuuandika mchoro wake mwenyewe. Asiyeweza atabaki mchukuzi wa mbao za mwenye mchoro. Ndugu zangu, mwenye kipimo ndiye mwenye kazi. Hesabu mnayojifunza jioni, baada ya kutwa nzima ya kazi, ni chombo cha fundi, sawa na randa na patasi. Kitunzeni, na kila siku kinoeni.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini viti 36 vya Thonet viliweza kuingia katika sanduku moja?

2. Mwanga unakula milimita 0.3. Ulimi umechorwa wa milimita 40. Utatoka na upana gani?

3. Pimeni unene wa ubao wa dawati lenu mahali patatu. Je, vipimo vyote ni sawa?

4. Zungumzeni: katika mji au kijiji chenu, ni kazi gani ambazo kipimo chake kingali mkononi mwa fundi?