Jina Nililolibeba

Mjukuu wangu wa kike alinipigia simu kutoka mjini akiwa na mimba ya miezi minane. "Babu," akaniambia, "nikijaliwa mtoto wa kiume nataka achukue jina lako. Lakini mume wangu hataki. Anasema Washington ni jina la mtu aliyemiliki watumwa, wala hataki mwanawe aitwe hivyo." Nilimwomba anipe siku chache. Nimeitwa Washington tangu nilipobatizwa, yapata miaka sabini na kitu, na sikuwa nimewahi kuketi nikajiuliza jina hili lilitoka wapi hata likanifikia mimi, mtoto wa mwalimu wa kijijini huku magharibi mwa Kenya.

Nilidhani nitaanzia Marekani. Kumbe ilinibidi nianzie Uingereza.

Washington ni mahali kabla ya kuwa mtu. Uko kaskazini mashariki ya Uingereza, na leo ni mji, lakini zamani kilikuwa kijiji tu. Katika Kiingereza cha kale, silabi ile ya mwisho ilikuwa na maana ya makao au boma. Sehemu ya kwanza, kwa maelezo ya wataalamu wa majina, yatokana na jina la mtu. Yaani ni makao ya watu wa fulani, kama sisi tunavyosema "kwa fulani" tukimwelekeza mgeni njia.

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, ilikuwa desturi ya wenye ardhi kuitwa kwa jina la shamba walilolishika. Bwana mmoja, William wa Hertburn, alibadilishana ardhi na Askofu wa Durham: akaiacha Hertburn, akapewa Washington. Habari hiyo imo katika daftari la mali za askofu lililoandikwa mwaka 1183. William alipohama, jina nalo likahama. Akawa William wa Washington, ambalo wakati huo liliandikwa Wessyngton. Ndipo nilipotabasamu kwa mara ya kwanza. Jina tunalogombania lilianza kwa kubadilishana mashamba. Lau mapatano yale yangevunjika, huenda mimi leo ningeitwa Hertburn.

Kizazi cha watu hao kilitawanyika. Mmoja wao, Lawrence Washington, alikuwa mfanyabiashara wa sufu, akawa meya wa mji wa Northampton. Mwaka 1539 alinunua ardhi ya Sulgrave, ambayo Mfalme Henry wa Nane alikuwa ameitwaa kutoka kwa watawa. Lawrence mwingine wa ukoo huo alikuwa kasisi huko Essex. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1643, wafuasi wa Bunge walimfukuza katika parokia yake, na familia ikaingia katika ufukara. Mwanawe John akatafuta riziki baharini. Alifika Virginia na meli ya tumbaku mwaka 1657, akabaki huko, akaoa, akapata mashamba. George Washington, aliyezaliwa mwaka 1732, ni mtoto wa mjukuu wa John huyo.

Hapa mume wa mjukuu wangu ana haki, na sitaki kumzungusha. George alirithi watumwa kumi babaye alipofariki, naye akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja tu. Alipokufa mwaka 1799, watu 317 walikuwa katika utumwa shambani kwake Mount Vernon. Kati yao 123 walikuwa mali yake mwenyewe. Wengi wa waliobaki walikuwa wa urithi wa watu wa mkewe. Katika wosia wake aliamuru watumwa wake waachwe huru, nao wakaachwa mwaka 1801. Wale wengine hawakuachwa. Mtu aliyeongoza vita vya uhuru wa nchi yake alingoja kifo ndipo awape uhuru waliomlimia.

Lakini kuna mmoja ambaye hakungoja. Aliitwa Harry. Alizaliwa Afrika Magharibi, akanunuliwa na George mwaka 1763. Vita vilipozuka, alitoroka mwaka 1776 akajiunga na Waingereza walioahidi uhuru. Mwaka 1783 alipanda meli New York kwenda Nova Scotia, na mwaka 1792 akavuka tena bahari hadi Freetown, Sierra Leone. Jina lake katika kumbukumbu ni Harry Washington. Mwaka 1800 walowezi wenzake walipoasi kwa sababu ya kodi ya ardhi, naye alikuwamo, akahukumiwa kuhamishwa. Niliposoma habari zake nilijiuliza: kati ya yule jemadari na huyu mtoro, ni nani aliyelipigania jina hilo zaidi?

Utumwa ulipokomeshwa Marekani mwaka 1865, maelfu ya watu weusi walijiandikisha kwa jina hilo. Si kwamba wote walitoka Mount Vernon. Hao walikuwa wachache sana. Wengine walikuwa nalo kwa siri tangu zamani, wengine walilichagua siku ile. George mwenyewe hakuzaa mtoto. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 2000, watu zaidi ya 160,000 walikuwa na ukoo wa Washington, na karibu asilimia 90 yao walikuwa weusi. Jina la bwana wa shamba limekuwa la wana wa watumwa.

Mmoja wao ndiye aliyelileta nyumbani kwetu. Booker alizaliwa utumwani Virginia mwaka 1856. Alipoingia shule mara ya kwanza, mwalimu akawa anaita majina, naye akaona kila mtoto ana majina mawili au matatu, yeye analo moja. Zamu yake ilipofika alijibu kwa utulivu kwamba anaitwa Booker Washington. Mwaka 1872 alisafiri, sehemu ya njia kwa miguu, hadi chuo cha Hampton, na mtihani wake wa kuingia ulikuwa kufagia chumba. Mwaka 1881 akaanza kukiongoza chuo cha Tuskegee.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki, na miongoni mwao alikuwamo Dakta Aggrey wa Gold Coast. Walisifu mafunzo ya Tuskegee, na mwaka uliofuata chuo cha walimu cha Jeanes kikafunguliwa Kabete. Serikali ya kikoloni ilipenda mafunzo hayo kwa sababu zake: Mwafrika ajue jembe na randa, asiulize habari za kura. Baba yangu aliyajua hayo. Hata hivyo, kila asubuhi alipotupa ufagio darasani alitusimulia habari za Booker. Nilipozaliwa, hakumfikiria jemadari.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Wale walionyang'anywa asili walifanya nini? Waliokota kilichokuwa karibu wakakifanya asili yao.

Nimeyaandika haya kwa mkono kwenye karatasi tatu, nikazituma mjini kwa basi. Mwishoni nimemwandikia mume wa mjukuu wangu: "Mwanangu, mtoto ni wako, umwite utakavyo, nami sitanung'unika. Ila karatasi hizi zitunze. Siku moja atauliza babu yake aliitwaje, na kwa nini."