Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza: Jina, Orodha na Ukoo

Utangulizi

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipiganwa Afrika Mashariki kuanzia Agosti 1914 hadi Novemba 1918, na kwa sehemu kubwa ilitegemea miguu ya watu. Mbung'o waliua farasi na maksai, reli zilikuwa chache, na magari yalikwama matopeni wakati wa masika. Risasi, unga na hata majeruhi, yote hayo yalibebwa na watu. Waingereza waliunda kikosi cha uchukuzi mjini Nairobi mwaka 1914 chini ya Oscar Watkins, na mwaka 1917 John Ainsworth alisimamia uandikishaji mkubwa wa nguvu. Waliotumikia upande wa Uingereza wanakadiriwa kufikia milioni 1, na waliokufa karibu 100,000, wengi wao kwa maradhi kama kuhara damu na malaria. Mhadhara huu unachunguza namna vitukuu wa watu hao wanavyoweza kuwatafuta, na mchango wa taaluma za Kiswahili katika kazi hiyo.

Ushahidi wa majina

Neno mpagazi linatokana na kitenzi pagaa, yaani kubeba begani. Katika karne ya 19 upagazi ulikuwa kazi ya ujira yenye heshima, hasa miongoni mwa Wanyamwezi. Mpagazi wa msafara alipatana ujira kabla ya kujitwika mzigo. Mbebaji wa vita hakupatana na mtu. Chifu alitakiwa kutoa idadi fulani ya vijana, naye akaitoa. Haishangazi, basi, kwamba hali hiyo mpya ilipata jina jipya.

Jina hilo ni Kariakoo, lililotoholewa kutokana na jina la Kiingereza la kikosi chenyewe. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, na eneo la kambi ya wabebaji likabaki na jina hilo. Kwa kuwa Kiswahili hakipendelei silabi funge, sauti r ya mwisho imedondoshwa na irabu ikarudufiwa. Mkazo ukaangukia silabi ya pili kutoka mwisho: ka-ri-a-KO-o. Nairobi ilitohoa jina lilelile kwa njia nyingine, ikaihifadhi r: Kariokor. Huko Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini wabebaji waliitwa tengatenga. Nao Wagogo, ambao chakula na vijana wao vilichukuliwa na majeshi, waliiita njaa iliyofuata Mtunya.

Majina haya yanashuhudia kwamba watu walichukuliwa. Hayasemi walikuwa akina nani.

Matatizo ya orodha

Anayemtafuta babu yake hukutana kwanza na tatizo la tahajia. Orodha za wabebaji ziliandikwa kabla ya mwaka 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili. Karani aliandika alichosikia, kwa mazoea ya lugha yake. Ng'ang'a aliweza kuwa Nganga. Jina la Kikuyu lenye r liliweza kuandikwa kwa l. Isitoshe, mtu aliweza kuandikwa kwa jina moja tu, au kwa jina alilopewa kambini ambalo nyumbani halikujulikana.

Hitilafu hizo zilikuwa na gharama. Baada ya vita, mishahara ya wabebaji wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, kwa maelezo kwamba warithi hawakuweza kutambuliwa. Herufi zilizokosewa na karani ziliweza kumnyima mjane haki yake.

Kwa hiyo mtafiti asianze na orodha. Aanze na wazee wa ukoo: jina la utani, jina la rika, jina la chifu aliyetoa vijana, na mahali mtu alipoonekana mara ya mwisho. Ndipo aende kwenye nyaraka, akiwa na maumbo yote ambayo jina lingeweza kuchukua.

Makaburi na haki

Tume ya Makaburi ya Vita ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1917, ilitangaza usawa wa wafu wote. Afrika Mashariki usawa huo haukutekelezwa. Wazungu walipewa makaburi yenye majina. Wabebaji walikumbukwa kwa jumla, kwa sanamu zilizosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam mwaka 1927. Ripoti ya tume hiyo, iliyotolewa Aprili 2021, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi.

Radhi hiyo haiwezi kurejesha jina ambalo halikuandikwa, wala jina lililoandikwa vibaya halijirekebishi. Kazi hiyo inahitaji watu wanaojua fonolojia ya lugha za Kibantu na za Kiniloti, historia ya tahajia ya Kiswahili, na desturi za kutoa majina. Wajukuu waliosimuliwa habari hizi na wabebaji wenyewe sasa ni wazee. Idara za Kiswahili zina wajibu wa kurekodi matamshi ya majina hayo kutoka vinywani mwao, kabla matamshi hayo nayo hayajapotea.