Bibi Titi na Nyumba ya Vyumba Sita

Simulizi nyingi za Bibi Titi Mohamed huanzia jukwaani: mama wa Kiswahili, sauti kali, umati wa Mnazi Mmoja, Nyerere kando yake. Si uongo, ila zinamfanya aonekane kana kwamba alizaliwa mwaka 1955 na kadi ya TANU mkononi. Kabla ya kadi hiyo alikuwa ameshaishi karibu miaka 30 Dar es Salaam, na miaka hiyo ndiyo inayoeleza iliyofuata. Alizaliwa Juni 1926. Baba yake hakutaka binti asome. Alipofariki, mama akampeleka shule ya wasichana Kariakoo. Alipovunja ungo akawekwa ndani, akaozwa akiwa na umri kama wa miaka 14 kwa mwanamume aliyemzidi sana, akapata binti mmoja, kisha akaachika. Wasichana wengi wa Kariakoo, Gerezani na Ilala walipita njia hiyohiyo. Wanaomsifu kwa ujasiri wa kuzaliwa nao wanasahau kwamba mji huu ulikuwa na vyombo viwili vya kumsimamisha mwanamke aliyeachika, na vyote viwili ni vikongwe kuliko chama: ngoma na nyumba ya kupangisha. Cha kwanza kimeandikwa vya kutosha. Cha pili kimepuuzwa, ingawa ndicho kilichomkosanisha na wenzake wa TANU.

Juu ya ngoma nitasema machache. TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954 waasisi walikuwa 17, wanaume watupu. Katikati ya mwaka uliofuata akaja John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, akauliza wanawake wako wapi. Tawi la wanawake likaundwa mbiombio, Bibi Titi akiwa kiongozi, na kufikia Oktoba 1955 Nyerere alikuwa akiandika Uingereza kwamba wanachama wanawake ni 5,000. Hapo wapo wanaosema chama ndicho kilichomfanya Titi kuwa Titi. Hesabu ya miezi inawakatalia. Chama kisichokuwa na mwanamke hata mmoja kwenye orodha ya waasisi wake hakiwezi kupata 5,000 kwa miezi mitatu isipokuwa kimekuta watu wameshajipanga. Titi alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha Bomba. Viongozi wa ngoma, lelemama na nyinginezo, walijuana kwa majina, kwa sare, kwa harusi na misiba. Alipomwambia kiongozi mmoja, aliliambia kundi zima. Wengi wa wanawake wale walikuwa watu wazima, Waislamu, walioachika, wenye mtoto mmoja au wasio naye, waliojipatia riziki kwa maandazi, vitumbua na pombe. Hawakuwa na mume wa kumwomba ruhusa.

Basi tuingie ndani. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ina korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, baraza mbele, ua nyuma wenye choo na mahali pa kupikia. Mwenye nyumba hulala chumba cha mbele ili amwone anayeingia na kutoka. Vitano vilivyobaki anapangisha kimojakimoja, kila mpangaji na jiko lake la mkaa uani. Nyumba hizi hazikujengwa kwa mkopo wa benki, maana Mwafrika wa enzi ya ukoloni benki ilimwona kwa nadra. Zilijengwa kidogokidogo: kuta za miti na udongo, makuti juu, mwaka mwingine madebe yaliyopasuliwa au bati, na fedha ikitoka kwenye upatu, kwenye vitumbua, kwenye bangili iliyouzwa. Sheria ya Kiislamu nayo ilimlinda mwanamke: mali aliyoichuma ni yake, mume anayemwacha hana fungu humo. Kwa mtu asiye na mshahara, na kwa hiyo asiye na kiinua mgongo, kodi za vyumba vitano zilikuwa bima ya uzee. Pia zilimpa cheo. Bibi mwenye nyumba ndiye aliyesuluhisha ugomvi wa uani, akapokea wageni kutoka Rufiji au Uluguru, akalea wajukuu ambao wazazi wao walishaachana.

Februari 1967 likaja Azimio la Arusha na masharti yake ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi, aliyekuwa ameshapoteza kiti cha ubunge cha Rufiji mwaka 1965, alikuwa na nyumba za kupangisha, na alijiuzulu Kamati Kuu kuliko kuziacha. Watetezi wa Azimio watasema, na kwa haki, kwamba sharti lilimhusu kiongozi tu, si kila bibi wa Kariakoo. Kwamba Titi alishakuwa waziri mdogo, si muuza vitumbua. Na kwamba mpangaji naye ana bibi yake anayemtegemea. Nayakubali yote matatu. Ila sharti lile liliandikwa na watu wanaoishi kwa mshahara. Kumwambia mwenye mshahara aachie nyumba ni kumpunguzia ziada. Mwanamke wa mjini aliyekwisha kuachwa mara moja ungemwachia nini?

Pingamizi zito zaidi ni la mwaka 1969. Alikamatwa kwa tuhuma za njama ya kuipindua serikali, kesi ya uhaini ikasikilizwa 1970, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, akaachiwa kwa msamaha wa rais 1972. Alipotoka, mume aliyekuwa naye wakati huo hakuwapo tena, na marafiki wengi walikuwa wamejitenga. Ngoma ilikuwa wapi? Hofu ni sehemu ya jibu, lakini si yote. Tangu 1962 mtandao wa wanawake ulikuwa umeingizwa Umoja wa Wanawake (UWT), chini ya chama, na mwenyekiti wa kwanza alikuwa Titi mwenyewe. Chama kilipomgeuzia mgongo, mtandao ukageuka nacho. Alikuwa amesaidia kukabidhi silaha yake ya kwanza.

Nyumba za udongo hazikukabidhika kirahisi hivyo. Sheria ya kutaifisha majengo ya 1971 ilishika yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, ikawaumiza hasa Wahindi wenye maghorofa. Nyumba nyingi za vyumba sita zikapona kwa uduni wa bei yake. Zilichoshindwa kuvuka ni mirathi na soko. Bibi akifa, vyumba sita havigawanyiki kwa warithi kumi na wawili, na toka miaka ya 1990 mwekezaji yuko mlangoni: anabomoa, anapandisha ghorofa, familia inapata fedha au sakafu mojawapo. Bibi Titi alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000, akiwa amerudishiwa heshima na gazeti la chama tangu uhuru ulipotimiza miaka 30, na barabara inayopita ubavuni mwa Mnazi Mmoja inaitwa kwa jina lake. Upande wa pili wa Mtaa wa Lumumba, mwanamke anayeuza vitenge Kariakoo leo analipa kodi ya fremu kwa mkupuo, mara nyingi na kilemba juu yake, na jioni anapanda daladala kwenda Mbagala au Gongo la Mboto kutafuta kiwanja cha kuanza msingi.