Misheni Zilizoporwa na Shule Zilizotakwa

Mwaka 1908 askari wa Serikali ya Waingereza walichoma nyumba za Wagusii na kuteka ng'ombe wao. Basi Waingereza na Wajerumani walipopigana mjini Kisii, Septemba 1914, watu wakapora misheni za Nyabururu na Nyanchwa. Kwao padre na askari walikuwa kundi moja. Sisi hatuwalaumu. Baadaye watoto wao walitaka shule, na kahawa, waliyoruhusiwa kuilima katika miaka ya 1930, ikasaidia karo. Karo ya msingi iliondolewa mwaka 2003. Lakini mashamba ya Kisii na Nyamira yamegawanywa hata hayatoshi sare, na baada ya masika malaria huwalaza watoto. Kwa hiyo tuliandika chandarua katika orodha ya vifaa vya shule, pamoja na daftari.