Lango la mfereji linalojifunga lenyewe: mota ya waipa na sumaku

Mfereji wa Yatta, kaunti ya Machakos, ulichimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la mahabusu wa Mau Mau. Hutoa maji mto Thika na kuyapeleka hadi nyanda kavu za Matuu. Penye mfereji wa pamoja, mtu akipitiwa na usingizi lango lake likiwa wazi, jirani wa chini huamka shamba lake kavu. Hiyo ni haki ya mtu, tena ya maji. Kifaa ninachokieleza hapa hufungua na kufunga lango dogo la shambani. Sisi wa Pwani twaweza kukitumia kwenye bwawa la samaki.

Nguvu

Tafuta mota ya waipa ya gari, volti 12, kwa wauza spea kuukuu. Iunganishe na fimbo ya nyuzi ya milimita 12, na nati yake uichomelee kwenye lango. Kila mzunguko huinua lango milimita 1.75. Mota ikizunguka mara 45 kwa dakika, lango la sentimita 30 hufunguka kwa karibu dakika 4. Faida ya mwendo huu wa pole ni kwamba umeme ukikatika, uzito wa lango hauwezi kuizungusha fimbo kinyume. Lango hubaki palepale.

Kujua lango liko wapi

Mimi napendelea swichi za sumaku, zile za alamu za milango. Sumaku hufanya kazi kupitia plastiki, kwa hivyo hakuna haja ya kutoboa tundu ambalo maji yataingilia. Zitie swichi mbili ndani ya paipu nyembamba ya plastiki iliyozibwa kwa epoksi, moja chini na moja juu. Sumaku ifunge kwenye lango. Usitumie paipu ya chuma, kwani chuma huvuruga sumaku.

Swichi hizi ni dhaifu, haziwezi kubeba umeme wa mota. Ziamrishe rilei, na rilei ndiyo ikate mota. Ongeza fyuzi, na saa ya kuzima kila kitu baada ya dakika 5. Waya wa swichi ukikatika, mota haitajua pa kusimama.

Ukitaka lango lisimame katikati, weka sumaku ndogo kwenye fimbo na swichi ya tatu ya kuhesabu mizunguko. Mizunguko 100 ni sentimita 17.5. Hesabu ikipotea, teremsha lango hadi chini na uanze sifuri.

Kuzuia maji

Mota ikae juu ya kimo cha mwisho cha maji, ndani ya paipu ya plastiki ya inchi 6 iliyozibwa juu. Fimbo itokee chini kupitia sili ya mpira iliyopakwa grisi. Waya nao uingie kwa chini, ukiwa umelegezwa tumbo ili matone yadondoke kabla ya kufika kwenye paipu.

Wengi huziba kila mahali na bado hukuta maji ndani. Sababu ni joto. Jua hupasha hewa ya ndani, mvua huipoza ghafla, nayo huvuta maji kupitia ufa wowote. Acha tundu dogo upande wa chini, paipu ipumue. Silikoni inayonuka siki usiiweke karibu na nyaya, kwani hula shaba. Ukinunua kifaa chenye alama IP67, elewa kwamba kilipimwa kwa dakika 30 kwenye kina cha mita 1. Si cha kuishi majini.

Kwa maji ya chumvi, fimbo na nati ziwe za chuma kisichoshika kutu, na zioshwe kwa maji baridi mara kwa mara.

Mwisho, acha sehemu ya kutia mkono wa kuzungushia. Betri ikifa usiku, lango bado lazima lifungwe. Na lango la mfereji mkuu si lako: kabla ya kufunga mota huko, pata idhini ya wasimamizi wa maji.