Boxer ya Ujerumani, Boxer ya Kalokol

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nimekaa nje ya duka la kuchaji simu hapa Kalokol, M-Pesa iko wazi, namba ya mtu nisiyemjua nimeshaiandika. Elfu 30 za kushikilia mzigo, zingine nikifika Nairobi. Mzigo wenyewe ni BMW R100RS ya 1982, rangi ya fedha, bei 290,000, na chini ya picha jamaa ameandika "inahitaji kazi ndogo tu". Wasee, mkiona hayo maneno manne kwa tangazo lolote la nduthi, wekeni simu mfukoni kwanza mnywe maji.

Sikutuma. Nilitaka kufanya video ya dakika moja nieleze kwa nini, nikaona haitoshi. Ukitaka kujua kama pikipiki ya zamani inakufaa, lazima ujue ilizaliwa kwa ajili ya barabara gani. Kwa hivyo leo ni historia. Vumilieni.

Nianze na kiu yenyewe, maana mama yangu hadi leo haielewi. Wakati wa ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, mgeni haingii bila kibali. Mwingereza alipotafuta mahali pa kumweka Jomo Kenyatta asifikike, alimleta Lokitaung mwaka 1953, halafu 1959 akamhamishia Lodwar. Ile nyumba bado iko. Hebu fikiria, nyumbani kwenu palichaguliwa kuwa adhabu ya mtu mwingine, kwa sababu tu ni mbali. Na umbali huo haukuisha bendera ilipobadilishwa. Nilienda chuo Nairobi kwa basi, magoti yamegusa kidevu, Lokichar, Kainuk, Marich, Kapenguria, Kitale, na safari bado. Nilipoacha chuo mwaka wa pili nilirudi kwa basi hivyo hivyo, na begi moja pungufu. Maisha yangu yote nimebebwa. Sijawahi kwenda mbali kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa mtu kama huyo mwonyeshe R100RS uone atakavyopagawa.

Hii mashine ilitoka mwaka 1976. Kabla yake, ukitaka kwenda mbali na kwenda haraka, upepo ulikuwa unakupiga kifuani siku nzima. BMW wakachukua pikipiki yao hadi Italia, kwenye handaki la upepo la Pininfarina, na mbunifu wao Hans Muth akaivalisha ngao ya mbele inayofunika mpaka magotini. Kuna watu walikuwa wameshafunga ngao zao za kununua dukani, lakini hii ilitoka kiwandani hivyo, imepimwa na upepo wenyewe. Injini ni 980cc na mwendo unakaribia kilomita 200 kwa saa. Hakuna cheni, nguvu inafika gurudumu la nyuma kwa shafti iliyofichwa ndani, haioni vumbi. Unaamka Munich asubuhi, jioni uko nchi nyingine, na mgongo bado unakubali kuinama. Hapo ndipo ile familia ya pikipiki za mbio na safari kwa pamoja ilipata sura yake. Baadaye zikaja nyingine: Kawasaki GPZ900R ya 1984, ile Tom Cruise aliendesha kwenye Top Gun, Honda VFR750F mwaka 1986, halafu Honda ST1100 mwaka 1990. Zote ni watoto wa lami nzuri. Hata zikizeeka, bado zinatafuta lami.

Ile injini ya BMW ina silinda mbili zilizolala, moja kushoto moja kulia, pistoni zinaenda na kurudi kama ngumi za mabondia wawili. Ndiyo maana inaitwa injini ya boxer, na BMW wako nayo tangu pikipiki yao ya kwanza, R32 ya 1923. Sasa mkuje Kalokol. Hapa ukisema Boxer, kila mtu anajua ni Bajaj ya kutoka India, silinda moja, imesimama wima, haina ngumi yoyote. Jina tu. Lakini hata yetu ina ukoo wake mkubwa: Bajaj walianza kushirikiana na Kawasaki miaka ya 1980, na Boxer ilikua ndani ya ushirikiano huo. Kwa hivyo ile nduthi iliyobeba gunia la samaki asubuhi hii ni binamu wa mbali wa nduthi ya Tom Cruise. Mwambieni mtu wa boda aliye karibu nanyi leo, atatabasamu halafu atawaongezea nauli.

Sasa hapa ndipo historia ilinipiga kofi. Katikati ya miaka hiyohiyo ya 1970, Mjerumani akihangaika na upepo, Honda walikuwa wanahangaika na swali tofauti kabisa. Pikipiki zao zilikuwa zinakufa kwenye nchi maskini. Watu walibeba mzigo wa gari, oili haibadilishwi, cheni inakula mchanga mpaka inakatika. Badala ya kuwafokea wateja, wahandisi wakakubali kwamba ndivyo dunia ilivyo. Wakaunda CG125. Wakaacha teknolojia iliyokuwa inasifiwa wakati huo ya kuweka kemushafti juu ya injini, wakarudi kwenye mtindo wa zamani wa vijiti vya kusukuma valvu, kwa sababu unavumilia oili chafu. Cheni wakaifunika yote. Mashine ya kuchosha kuangalia, hakuna kijana angebandika picha yake ukutani. Lakini Wachina walikuja kuinakili mpaka nakala zikazaa nakala.

Kwetu, boda yenyewe ilianza kama baiskeli kule Busia miaka ya 1960, kuvusha watu mpakani. Halafu mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc, na mafuriko yakaanza. Wajukuu wa CG125 wakaja kwa makontena na majina ambayo hata muuzaji hawezi kuyatamka, na Boxer na TVS zikawafuata. Zikafika Lodwar, Kakuma, zikafika kwetu ziwani. Leo samaki akitoka Long'ech kwa boti, nduthi iko hapo inamsubiri. Hakuna mradi uliopanga hiyo kitu.

Na mtu wa Kalokol hawezi kusema neno "mradi" bila kugeuza shingo. Kiwanda chetu cha samaki mnakijua. Norway waliweka pesa kupitia NORAD, mwanzoni mwa miaka ya 1980 jengo likawa tayari: majokofu makubwa, kugandisha samaki na kuuza nje. Kilifanya kazi kwa muda mfupi mno. Kugandisha kitu kwa joto hili kunakula umeme usio na kifani, na samaki wa kuuza nje anataka maji safi mengi, mahali ambapo mama anabeba mtungi. Hesabu ikakataa. Halafu katikati ya miaka hiyo ziwa likarudi nyuma, Ferguson's Gulf ikakauka. Jengo liko hapo mpaka leo. Tumekua tukilipita tukienda shule.

Lakini ngoja, niwe mkweli, maana watu hupenda kumalizia stori hapo wacheke Wazungu. Ni Wanorwe haohao waliosaidia kujenga barabara ya lami kutoka Kitale hadi Lodwar. Mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano na Norway kwa sababu ya kesi ya Koigi wa Wamwere, na wakaondoka. Barabara ikabaki. Ikachakaa, ikawa mashimo yenye lami pembeni, lakini malori yaliendelea kupita na vitu viliendelea kufika. Jokofu lilihitaji Norway kila siku. Barabara haikuhitaji mtu, ilihitaji tu magurudumu.

Nikaipeleka R100RS mbele ya hiyo hesabu. Nikamtafuta fundi wetu, mzee anayefanya kazi chini ya mti, nikamwonyesha picha.

"Mzee, umewahi kufungua hii?"

Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaangalia zile silinda zilizotoka nje kama masikio. "Nimefungua jenereta, nimefungua Land Rover, Boxer naifungua usiku na tochi mdomoni. Hii ni mashine nzuri, naona. Uniletee na kitabu chake. Na uniletee na duka lake."

Hilo la duka ndilo lililoniuma. Kwa sababu kiufundi, kijana, R100RS si ngumu. Inapozwa na hewa, ina kabureta, haina kompyuta hata moja. Mzee angeielewa kwa wiki. Lakini nduthi ya miaka 40 na kitu ina magonjwa yake. Nikayasoma usiku tatu, nayaweka hapa kwa yeyote aliye Nairobi au Eldoret anayefikiria kununua moja, maana nyinyi mnaweza.

Kwanza meno ya shafti pale inapoingia kwenye giaboksi. Yanataka grisi kila baada ya muda, na kuyafikia ni kazi, kwa hivyo wengi hawakufanya. Yakilika, pikipiki inanguruma vizuri lakini haiendi. Pili, za kabla ya 1985 ziliundwa wakati petroli ina risasi. Afrika yetu iliacha petroli hiyo mwanzoni mwa 2006, na vikalio vya valvu vya zile za zamani vinaliwa taratibu. Uliza kama vimebadilishwa, na uliza risiti, usikubali stori. Tatu, alteneta yake ni wati 280 tu. Ukifunga taa za ziada, chaja ya kamera na mbwembwe zote za mtu wa video, betri itakufia Marich usiku. Na uzito ni zaidi ya kilo 220. Ikilala kwenye mchanga wa laga hutaiinua peke yako, na ile ngao iliyochorwa na Muth itakuwa imepasuka.

Halafu kuna karatasi, na hapa ndipo nilipookoka. Nilimpigia jamaa nikamwomba picha ya logbook.

"Iko njiani, boss."

"Njiani kutoka wapi?"

Kimya. Akanitumia picha ya namba ya nyuma, na ilikuwa namba ya Ulaya. Kuna wasafiri wanashuka Afrika na pikipiki kwa karneti, ile karatasi inayokuruhusu kuingia nchi bila kulipa ushuru kwa sharti kwamba utatoka nayo. Wengine huchoka, au mashine inawachokea, wanaiacha na kupanda ndege. Ukiinunua hivyo umenunua deni la ushuru lenye magurudumu mawili. Haihamishwi jina NTSA, na polisi wa kwanza aliye macho anaichukua. Kwa hivyo sheria yangu ni fupi: kama namba ya fremu, namba ya injini na logbook hazisemi kitu kimoja, ondoka.

Mngedhani hapo nilikuwa nimepona. Sikupona. Wiki moja nzima nilikuwa natafuta nyingine yenye karatasi safi. Ni mama aliyenisimamisha, na hakufanya hivyo kwa hekima za wahenga. Gari la samaki lilichelewa siku mbili, mzigo wake ukaharibika, akarudi nyumbani akaniuliza kwa upole, "Hiyo ya Mjerumani ingefika Lodwar na gunia?" Nikaanza kueleza kuhusu shafti. Akaendelea kukunja magunia matupu.

Nilinunua Yamaha DT125, Lodwar, 85,000, logbook jina moja na muuzaji amesimama mbele yangu. Kama mnataka uzee, nayo ni ya zamani ya heshima: ukoo wake unaanza na DT-1 ya 1968, na zilizojaa huku zilikuja na misheni na mashirika, halafu mnada ukizifungua zikaenda kwa watu. Inachoma oili yake pamoja na petroli, inatoa moshi wa bluu kama jiko la mkaa asubuhi. Nilipima kompresheni, nikaangalia kama pampu ya oili inasukuma, maana ikikwama injini inajikaanga. Mzee wa chini ya mti aliisikiliza kwa kama dakika moja, akasema plagi ni chafu, akaitoa, akaisugua, basi.

Kalokol hadi Lodwar ni kama kilomita 60. Safari ya kwanza nilikuwa na gunia moja la samaki mkavu nyuma na kamera ndani ya begi. Lami imekatika sehemu nyingi, unashuka mchangani, unapanda tena. Nilipita yale mawe ya Namoratunga nikiwa na mwendo wa kilomita 50 kwa saa, macho yamejaa vumbi kwa sababu hakuna ngao yoyote. Nilisimama nikayaangalia. Nimepita pale mara mia kwa gari la watu na hakuna dereva aliyewahi kunisimamishia.

Pesa iliyobaki nimempa mama nusu, nusu iko kwa simu. Kuna jamaa Eldoret ana R100RS ya 1988, logbook safi, anasema meno ya shafti yalipakwa grisi mwaka jana. Sijamjibu. Namba yake pia sijaifuta.